Sifuri ya Mstari wa Nne

12 Machi

Mdogo wangu Kitabu,

Mama tulimpoteza tarehe 9 Machi, saa tisa na dakika ishirini mchana, uani kwetu, nguo zikiwa bado kwenye waya. Siku tatu zilizopita ilitimia miaka kumi na moja, yaani siku elfu nne na kumi na nane, na ile miaka mirefu mitatu nimeihesabu. Nimeanza na hilo makusudi. Barua zako zote huanza na salamu na huishia hukohuko kwenye salamu, nami nimechoka kusalimiwa.

Sasa salamu. Sisi wazima. Wifi yako mzima, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Anauliza kama bado umeolewa na wingu au kuna binadamu amejitokeza. Binti yetu ameanza kuhesabu. Akifika hamsini anarukia tisini, ana haraka ya kuwa mtu mzima. Akiulizwa shangazi yake anafanya kazi gani, anajibu, "Anapiga picha radi." Wenzake wanamcheka, naye anawafinya.

Baba yupo. Macho yamepungua na kifua kinapiga filimbi akilala chali. Bado anakaa chumba cha nyuma na bado hataki umeme chumbani mwake. Ana taa yake ya mafuta na redio yake ya betri. Nyumba hii nimeisimamisha mwenyewe, hakuna grili wala geti ambalo sikulichomelea kwa mkono huu, taa zipo mpaka kwenye banda la kuku. Lakini baba yangu mzazi anakaa gizani kwa hiari yake, kwa sababu anaamini umeme wangu ndio uliomuua mkewe.

Unajua yalivyokuwa. Nayaandika tena ili usije ukasema hukuelewa swali. Siku ile nilikwenda kufunga geti la mteja. Mashine ya kuchomelea niliiacha imechomekwa. Waya wa kuanikia nguo niliufunga mimi, kutoka nguzo ya chuma ya karakana mpaka ukuta wa jikoni. Niliporudi, mvua ilikuwa imekatika, Mama amelazwa barazani, majirani wamejaa. Swichi kuu niliikuta chini, lakini watu kumi walikuwa wameshapita pale, na kila mmoja alisema huenda ni yeye aliyeishusha. Nikauliza nini kimemuua. Mmoja akajibu, "Umeme."

Lugha yetu hii! Neno moja kwa kinachotoka mawinguni na kinachotoka kwenye mita. Waliokuwa na imani nami walisikia la mawinguni. Baba alisikia la kwenye mita.

Wewe peke yako ndiye uliyekuwa nyumbani. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulisimama mlangoni ukatazama, kisha hukusema kitu, si siku ile, si wiki ile. Ulipomaliza shule ukaenda kusomea radi. Kati ya kazi zote za dunia hii! Tangu hapo mimi nasubiri maneno ya shahidi.

Ilikuwa radi, au ilikuwa karakana yangu?

Usinipigie simu. Kwenye simu unajua kunyamaza. Kwenye karatasi kunyamaza kunaonekana.

Ni mimi kaka yako,
Cheche


2 Mei

Kaka Cheche,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yake, hata kama ataipokea kwa kukohoa. Pole ya goti kwa wifi. Mwambie wingu ni mume mzuri, halikoromi ila mara moja moja. Na mwanangu mpenzi mwambie baada ya hamsini kuna hamsini na moja. Asiruke. Anaporuka ndipo vitu vinapopotea.

Hapa kituoni tuko watano. Mkuu wetu tunamwita Bwana Bado, kwa kuwa kila ukimwuliza kama vipimo viko tayari anasema "bado." Mpishi wetu anaogopa radi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na kati ya majiko yote akaja kupikia kituo cha radi. Ikinguruma anaingia chini ya meza na mwiko wake mkononi, kisha anatoa amri kutoka hukohuko: "Zima hilo jiko! Mchuzi unaungua!"

Umeuliza mambo mengi. Nianze na kazi, ili ujue ninachokifanya. Tunataka kujua radi ina joto kiasi gani. Kipimajoto hakiwezi, kingekwisha kabla hakijasoma. Kwa hiyo tunasoma mwanga wake. Mbele ya kamera tunaweka kioo chenye michirizi myembamba mno, na kioo hicho kinauchana mwanga vipandevipande, kama upinde wa mvua uliokatwa kwa wembe. Kila kitu kinachoungua huacha mistari yake mahali pake, na hakuna viwili vyenye mistari sawa.

Shida ni kwamba radi haina ahadi. Kamera yetu inatazama mnara wa maji ulio kilomita tatu kutoka hapa. Tangu mvua zianze radi imepiga kushoto kwa mnara, kulia kwake na nyuma yetu. Mara moja imeupiga mlingoti wa bendera wa kituo, kamera ikiwa imetazama upande mwingine. Bwana Bado alikaa chini akacheka mpaka akalia.

Chumba changu kina dirisha moja na viti vitatu. Nguo zangu nazianika humo ndani, juu ya viti. Zinachelewa kukauka na zinanuka uvundo, lakini nimezoea. Kuna siku upepo unaleta harufu ya sabuni ya kipande kutoka nyumba za jirani, na hapo nafunga dirisha.

Nawakumbuka sana.

Ni mimi,
Kitabu


20 Mei

Kitabu,

Wote wazima. Kuku mmoja amekufa. Habari zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikauchukua wino wa bluu nikapigia mstari kila sentensi inayojibu swali langu. Wino haujapungua.

Sasa nitakuuliza kwa lugha ya kazi, labda utajibu kikazi. Moto wa mashine yangu, pale kijiti kinapogusana na chuma, una digrii kama elfu sita. Hilo nalijua. Radi ina ngapi? Na je, ukipewa kitu kilichoungua, unaweza kujua kimeunguzwa na nani kati ya hao wawili?

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha waya, urefu wa sentimita kumi na nne. Ndio ule. Niliukata siku ya tatu nikauweka kwenye kopo la misumari, na sijawahi kumwambia mtu. Baba jana alikohoa mpaka akashindwa kushika kikombe. Nikamwambia, "Baba, niruhusu niweke taa humu, nione hata sura yako." Akasema, "Sura yangu unaijua." Siogopi kufiwa naye. Naogopa kufiwa naye akiwa anaamini hivyo.

Cheche


9 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo, na hongera kwa jino la mtoto, wifi ameniandikia pembeni mwa kadi. Baba anameza dawa? Usimwulize yeye, hesabu vidonge.

Kaka, tumeipata!

Ilikuwa tarehe mosi, saa kumi na robo jioni. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mnara tangu saa nane kama mgeni asiyeaga. Mpishi yuko chini ya meza. Mimi nimeshika daftari. Ikapiga mnara, katikati kabisa ya picha! Nilipiga kelele mpaka mpishi akadhani nimepigwa mimi, akatoka na mwiko kuja kuniokoa. Sitamtania tena.

Sikiliza tunavyosoma. Hewa imejaa nitrojeni, na nitrojeni ina mistari mingi. Upo mmoja unaowaka joto likiwa kubwa kiasi, na upo mwingine usiofungua macho mpaka joto lipande mno. Tunapima upi unang'aa kumzidi mwenzake, na kwa kulinganisha huko tunapata joto. Ni kama wewe unavyokitazama chuma kikiwa chekundu, kikiwa cha chungwa, kikiwa cheupe, ukajua bila kukigusa. Tumerudia hesabu mara sita. Radi ile, ilipokuwa kali kuliko wakati wote, ilifika digrii elfu ishirini na tisa. Uso wa jua haufiki elfu sita. Katika ule mwanga kulikuwa pia na mstari mmoja mwekundu, mpana, ambao si wa nitrojeni wala wa mnara. Huo ni wa maji. Ni mvua yenyewe iliyokuwa inaanguka njiani, ikachanwa. Niliutazama muda mrefu.

Na waya wako nimeutazama kwa darubini. Umeme wa mashine ungeuyeyusha mahali pamoja, palipogusana. Huu umebabuka urefu wote kwa wakati mmoja, ngozi yake imepasuka kama maganda. Nimekuandikia hesabu kwenye karatasi ya pili, mistari mitano, uikague mwenyewe. Mstari wa kwanza ni uzito wa waya. Wa pili ni joto lililohitajika kuubabua hivyo. Wa tatu, mchango wa radi. Wa nne, mchango wa karakana: sifuri. Wa tano, jumla. Inalingana.

Ilikuwa radi, Kaka. Mwonyeshe Baba karatasi hiyo. Ina muhuri wa kituo.

Mdogo wako,
Kitabu


25 Agosti

Mdogo wangu,

Vidonge nimehesabu, anaficha viwili kila wiki chini ya redio. Ahsante.

Karatasi yako niliibusu. Nakuambia ili ujue. Niliisoma nimesimama karakanani na kinyago cha kuchomelea kichwani, machozi yakawa yananitoka kwa ndani, kioo kikaingia ukungu. Nikamwita wifi yako. Nikaoga. Nikavaa shati safi nimpelekee Baba.

Mlangoni kwake nikasimama niikague mara ya mwisho, maana mimi sipeleki kazi kwa mtu bila kuikagua.

Mstari wa kwanza, uzito: sawa, nimepima kipande kilichobaki. Wa pili: sawa. Wa tatu umeupata kwa kutoa wa nne kutoka wa tano. Na wa nne umeandika sifuri.

Nani alikupa hiyo sifuri?

Waya unasema radi ilipita. Sawa. Lakini hausemi kama umeme wangu ulikuwa haujatangulia. Mashine ilikuwa imechomekwa. Nguzo ni ya chuma, waya ni wa chuma. Kama swichi kuu ilikuwa juu, ingetosha ufa mmoja kwenye mpira wa waya wa mashine, na Mama angekuwa ameshashikwa kabla radi haijafika. Ili kuandika sifuri pale lazima ujue kwamba saa tisa na dakika ishirini swichi ilikuwa chini. Mimi sijui hilo. Majirani hawalijui. Mtu wa shirika la umeme aliyekuja kukagua baadaye hakulijua. Mistari mingine yote umeionyesha ulikoipata. Huo umeuandika tu, kama mtu anayeandika jina lake.

Nilirudi chumbani nikavua shati.

Cheche


3 Oktoba

Siku thelathini na tisa. Baba anaumwa. Sifuri ile ni ya nani?

C.


14 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama Baba ameamka vizuri leo. Sijui kama mtoto bado anaruka namba. Sijui kama wifi anapanda ngazi. Kila asubuhi nawaza habari zenu kwa mpangilio huohuo, kama mtu anayekagua milango kabla ya kutoka, halafu sitoki.

Sifuri ni yangu. Swichi niliishusha mimi.

Wingu lilipofunga, Mama aliniita kutoka jikoni. "Kitabu! Shusha swichi ya kaka yako, kisha uanue nguo!" Nilikuwa nimebakiza kurasa nne. Nikatoka, nikaishusha, nikasikia mashine yako inaacha kuvuma. Hata tone lilikuwa bado. Nguo zilikuwa pale, hatua nane kutoka mkononi mwangu. Nikaona kuna muda. Nikarudi ndani. Mama akauliza, "Nguo je?" Nikasema, "Nakuja." Akacheka, "Nakuja yako ina miguu ya kobe." Baadaye kidogo akapita mlangoni kwangu na beseni kiunoni. Nikainuka nusu. Akasema, "Endelea, endelea, mimi nimeshafika."

Ndilo neno lake la mwisho, na aliniambia mimi, na mpaka leo hamna aliyewahi kulisikia.

Nilipofika mlangoni alikuwa chini, na shati lako la kazi, lile la bluu, alikuwa amelikumbatia.

Nilitaka kusema. Siku ileile, watu walipoanza kutazama karakana yako, nilifungua mdomo. Lakini nikisema swichi ilikuwa chini, wataniuliza nani aliishusha. Nikisema mimi, wataniuliza: kama ulikuwa nje pale pale, kwa nini hukuanua nguo? Kila mara swali la pili lilisimama nyuma ya la kwanza. Nikanyamaza siku moja, na siku ya pili ikawa ngumu kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo nikatafuta njia ya kukusafisha ambayo haipiti kwangu. Nikajisemea, mwanga wenyewe utasema. Nitapima, nitaleta karatasi yenye namba, kaka yangu ni mtu wa namba, ataiamini, na hakuna atakayeuliza mimi nilikuwa wapi. Miaka yote hii ya vioo na kamera, Kaka, ilikuwa safari ndefu ya kukwepa hatua nane. Na nilipofika mwisho nikaandika sifuri bila hata kufikiri, kwa sababu mkono ulioandika ndio ulioshusha.

Wewe umekaa siku zote hizo ukiulizwa na macho ya Baba, nami nilikuwa na jibu mfukoni. Siombi chochote. Nilitaka tu lisomeke.

Kitabu


10 Januari

Mdogo wangu,

Baba yupo. Aliamka vizuri, akalalamikia uji. Mtoto haruki tena, amefika mia, sasa anatuchosha. Wifi yako anapanda ngazi akinitukana mimi niliyezijenga.

Barua yako ilifika tarehe 22. Niliisoma mara tatu, nikaenda karakanani nikachomelea saa nne bila kupumzika. Nilipovua kinyago nikaona bawaba nimeichomelea kichwa chini miguu juu. Tangu nianze ufundi, haijapata kutokea. Wifi yako akaja akaitazama, akasema, "Hilo geti litafungukia mbinguni." Nikacheka, kisha nikaketi chini.

Nimekukasirikia. Sitaandika zaidi, ila usidhani sijakasirika. Kwa siku kumi na tisa sikuweza kushika kalamu kwa sababu yote niliyotaka kuandika yalikuwa ya kuumiza.

Halafu nikafanya ninachoweza, nikapima. Nilianika nguo kumi na mbili nikampa mtoto saa, wifi yako akaanua. Dakika moja na sekunde arobaini. Nikapiga hesabu huku na huku. Ungetoka uliposema "nakuja," ama ungekuwa umemaliza na kuingia ndani, ama ungekuwa wewe kwenye waya na Mama ndiye anayesimama mlangoni. Kati ya hayo mawili sina namba ya kuyatenganisha. Hata wewe na kamera zako huna. Waya niliufunga mimi. Shati lilikuwa langu. Hesabu ikifika hapo naiacha, maana upande wa pili wa hesabu hiyo wewe hupo, na mimi sitaki kufika huko hata kwa kalamu.

Nilipokuwa naandika Machi nilidhani nataka jibu. Jibu nimelipata, na bado kila nikisikia geti nainua kichwa.

Baba sijamwambia. Nikimwambia mimi, ni fundi anajitetea. Nikimsomea barua yako, ni karatasi, na karatasi nyingine yenye muhuri nilishashindwa nayo. Atamwamini aliyeishusha swichi kwa mkono wake. Itabidi akuone. Kwa taa ile ya mafuta atakulazimisha usogee karibu sana.

Tangu mwaka ule hapa nyumbani nguo tunaanika kwenye kamba ya plastiki, nyuma ya banda. Tarehe 9 Machi nitafunga waya palepale pa zamani. Nguo zitakuwa juu tangu asubuhi, na lile shati la bluu ninalo, nitalianika la kwanza upande wa jikoni. Swichi kuu nitaishusha mwenyewe. Kuanzia saa nane mchana hakuna mtu mwingine wa nyumba hii atakayezigusa hizo nguo, mvua inyeshe isinyeshe. Wewe ndiye unayejua mawingu. Ukiona yanafunga, wahi.

Usinipe habari za Bwana Bado. Usinieleze ratiba ya mvua. Nataka neno moja kwenye karatasi, limefika mkononi mwangu kabla ya saa kumi jioni, tarehe 20 Februari, ambayo ni siku arobaini na moja kutoka leo:

Unakuja kuanua, au huji?

Cheche